Karata za Familia: Ununue Pakiti Ipi, Mcheze Mchezo Upi

Likizo inapokaribia na watoto wa bweni wanarudi nyumbani, mzazi hutafuta kitu kitakachowakusanya watu sebuleni bila kumaliza fedha za sikukuu. Karata hutimiza haja hiyo kwa gharama ndogo. Hazitaki umeme, hazitaki bando, na mchezo mwepesi huanza na kuisha wakati wali bado uko jikoni. Tatizo ni kuchagua. Dukani kuna pakiti za karatasi, za plastiki, na za rangi kama UNO. Nyumbani kuna simu zenye michezo ya bure.

Nimezipima zote kwa swali moja ninaloliamini kuliko bei iliyobandikwa: kwa fedha hiyo, watu wangapi watakaa mkekani, na nani atabaki pembeni? Bibi asiyeona namba ndogo, mtoto wa miaka mitano, mjomba asiyetofautisha nyekundu na kijani, wageni sita waliokuja bila taarifa: wote ni wa familia. Pakiti inayowaacha nje ni ghali, hata ukiuziwa kwa mia tano.

Hesabu ya kila kiti

Bei hutofautiana kati ya Kariakoo, Gikomba na duka la kona, kwa hiyo natumia bei za mfano kwa shilingi za Tanzania. Weka za kwenu, hesabu itabaki vilevile. Tuseme pakiti ya karatasi ni 2,000, ya plastiki 10,000, pakiti ya rangi ya kuigiza 8,000, na UNO halisi 30,000.

Pakiti ya kawaida ina karata 52 na jokari wawili. Mkigawana saba saba, watu watano huchukua 35 na zinabaki 17 za kulamba. Watu saba huchukua 49, zinabaki tatu tu, na mchezo hauwezi kwenda. Kwa hiyo pakiti moja ya karatasi ina viti vitano, na kila kiti kimegharimu shilingi 400.

UNO ya kawaida ina karata 108 na imekusudiwa watu wawili hadi kumi. Watu kumi wakichukua saba saba, zinabaki 38. Nakala ya kuigiza inakupa kiti kwa shilingi 800, na pakiti halisi kwa 3,000.

Sasa tazama njia ambayo wanunuzi wengi huipita bila kuiona. Nunua pakiti mbili za kawaida zenye migongo inayofanana, uzichanganye. Una karata 104, karibu sawa na UNO. Watu kumi wakichukua saba saba, zinabaki 34. Umelipa 4,000, na kila kiti bado ni 400. Wageni wakiondoka, unazitenganisha: pakiti moja kwa watu wazima barazani, nyingine kwa watoto ndani.

Na kama mna pakiti moja tu na mko wanane, punguzeni mgao. Mkigawa nne nne mnatumia 32, zinabaki 20. Mchezo unakuwa mfupi zaidi, na hakuna aliyeambiwa asubiri zamu ijayo.

Karatasi au plastiki

Karata nzuri ya karatasi ina tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi nyeusi, ili mwanga usipite na mwenzako asione ulichoshika. Karata rahisi mara nyingi hazina gundi hiyo. Inua moja dukani kwenye mwanga wa mlango: ukiona alama zake kwa nyuma, iache. Ikunje kidogo uiachie. Ikirudi ikanyooka, ina uhai. Ikibaki imepinda, haitamaliza likizo.

Soma pia kasha kwa makini. Pakiti nyingi zinazodai plastiki ni karatasi iliyopakwa utando mwembamba wa plastiki. Utando huo husaidia, lakini maji yakiingia kwenye ukingo, karata huvimba. Plastiki kamili ni kitu kingine: chai ikimwagika unaifuta kwa kitambaa, vidole vya mtoto aliyekula maandazi haviiharibu, na unyevu wa masika wa Tanga au Mombasa hauifanyi inate. Udhaifu wake ni joto. Usiiache juani au ndani ya gari lililofungwa, maana ikipinda haitanyooka kirahisi.

Je, inafaa kulipia tofauti hiyo? Gawa bei ya plastiki kwa bei ya karatasi. Kwa mfano wetu, pakiti moja ya plastiki ni sawa na tano za karatasi. Kama kwenu pakiti ya karatasi hufa kila baada ya miezi miwili, ya plastiki itakuwa imerudisha fedha yake baada ya miezi kumi. Kama hudumu miezi sita, utasubiri miaka miwili na nusu. Kwa hiyo familia inayocheza kila mwisho wa wiki, nje, kwenye mchanga na watoto, ichukue plastiki. Familia inayotoa karata Idi, Krismasi na Mwaka Mpya pekee itosheke na karatasi nzuri.

Kabla ya kulipa, fungua kasha mbele ya muuzaji uhesabu: karata 13 za kila aina, na jokari wawili. Tazama kama migongo yote imechapwa sawa. Mgongo wenye doa au rangi iliyofifia hutambulika baada ya michezo miwili, na hapo mshindi hujulikana kabla karata hazijafunuliwa.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi: ukubwa wa namba. Zipo pakiti zilizochapwa namba kubwa kwenye pembe kwa ajili ya wenye macho hafifu, na baadhi ya watengenezaji wakubwa, kama wale wa Bicycle wa Marekani, huziuza kama toleo la kawaida. Kama nyumbani mna wazee, tafuta hizo kwanza, kabla ya kufikiria plastiki au karatasi. Babu anayesogeza karata hadi puani ili aone kama ni 6 au 8 atacheza mara moja, kisha ataomba radhi na kwenda kulala mapema. Mnakuwa mmempoteza mchezaji mwenye uzoefu kuliko wote.

UNO: unacholipia ni nini

UNO ilibuniwa mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa Reading, katika jimbo la Ohio, Marekani. Baadaye ilipita mikononi mwa kampuni nyingine hadi ikanunuliwa na Mattel mwaka 1992. Msingi wake ni wa zamani zaidi: unatupa karata inayolingana na iliyo juu kwa rangi au kwa namba, baadhi ya karata zinaadhibu jirani yako, na anayebakiwa na moja lazima atangaze.

Msomaji wa Afrika Mashariki ameshautambua. Tanzania tunauita lasti kadi. Kenya wanauita poka, japo hauhusiani na poka ya kamari, na anayekaribia kumaliza husema, “Niko kadi!” Uganda wana matatu. Kanuni za mtaa zinatofautiana, lakini umbo ni moja, na yote huchezwa kwa pakiti ya kawaida. Katika nyumba nyingi za Kenya, 2 humlambisha jirani karata mbili, 3 humlambisha tatu, J humruka, K hurudisha mchezo nyuma, na A hubadili aina. Ukilinganisha na karata za adhabu za UNO, utaona kazi ni zilezile.

Kwa hiyo anayenunua UNO hanunui mchezo mpya. Ananunua urahisi, na urahisi huo una thamani kwa watu fulani. Mtoto wa miaka mitano ambaye hajui kutofautisha shupaza na maua anajua nyekundu na bluu. Mgeni asiyezijua kanuni zenu hahitaji kukumbuka kwamba J huruka mtu, kwa sababu karata yenyewe imechorwa alama. Katika nyumba yenye watoto wadogo wengi, au yenye ndugu waliokulia nchi tofauti na kuzoea kanuni tofauti, urahisi huo unaweza kustahili bei yake.

Hasara ziko mbili. Kwanza, rangi. Kwenye taa hafifu, au umeme ukikatika mkabaki na mshumaa, bluu na kijani hufanana, na nakala nyingi za kuigiza zimechapwa rangi zisizokolea. Kwa asiyetofautisha rangi, hali hiyo iko mchana na usiku. Mattel ilitoa mwaka 2017 toleo la UNO lenye alama za ColorADD, ambapo kila rangi ina umbo lake, na mwaka 2019 ikatoa la nukta nundu kwa wasioona. Ukiwa na ndugu anayesafiri, muulize kama anaweza kukuletea. Kama huwezi kuyapata, chora mwenyewe umbo dogo kwenye pembe ya kila karata: duara kwa nyekundu, pembetatu kwa kijani, mraba kwa bluu, nyota kwa njano. Kalamu ya wino usiofutika inatosha.

Pili, pakiti ya rangi inakupa mchezo mmoja na vijukuu vyake vichache. Pakiti ya 52 inakupa michezo ambayo huwezi kuimaliza. Karata moja ikipotea, jokari anaandikwa jina lake na kazi inaendelea.

Ukiamua kununua nakala ya kuigiza, ihesabu. Kila rangi iwe na karata 25, yaani 100 kwa rangi zote nne, na juu yake karata nane nyeusi za kubadili rangi. Matoleo mapya huongeza chache tupu za kuandikia kanuni zenu. Ikipungua chini ya 108, mwambie muuzaji apunguze bei au akupe nyingine.

Mchezo upi kwa nani

Pakiti ikishapatikana, gharama inayobaki ni muda na amani ya nyumba. Mchezo mrefu kupita kiasi huwachosha watoto, na mchezo wenye kanuni nyingi humfanya mgeni ahisi yuko mtihanini.

*Watoto wa miaka minne hadi sita.* Chezeni kumbukumbu. Chukua jozi kumi tu, yaani karata 20, zilaze kifudifudi, kila mtu afunue mbili. Zikilingana anazichukua. Mtoto hapa mara nyingi humshinda mzazi kwa haki, na ushindi wa haki ndio unaomrudisha mkekani kesho.

*Miaka sita hadi tisa.* Mchezo wa kuombana unafaa sana. Mkiwa wanne, kila mmoja apewe karata tano. Unamwuliza mwenzako, “Una saba?” Akiwa nazo anakupa zote, akikosa unalamba. Anayekamilisha nne za namba moja anaziweka chini. Mtoto hujifunza kusikiliza, kwa sababu kila ombi la mwenzake ni habari. Vita, ule mchezo wa kugawana 26 na kufunua moja moja, ni rahisi kuuelewa lakini unaweza kuchukua muda mrefu mno. Ukiuchagua, weka saa: dakika kumi, mwenye nyingi ameshinda.

*Watu wawili wenye muda mfupi.* Matatu ya Uganda ni hazina. Kila mmoja hupewa saba, na karata moja hufunuliwa mwanzoni kuonyesha aina ya mkataji. Atakayetupa 7 ya aina hiyo anakata mchezo hapohapo, na mwenye alama chache mkononi ndiye mshindi. Kwa sababu mchezo unaweza kukatwa wakati wowote, hakuna anayelimbikiza karata kubwa, na hakuna mchezo unaoburuta.

*Kundi lolote la watu watatu hadi kumi.* Lasti kadi. Muwe na kanuni chache, na aliyemaliza awe mshindi wa duru hiyo. Kanuni rasmi za UNO hutaka alama zijumlishwe hadi mtu afikishe 500. Kwa jioni ya familia, iacheni hesabu hiyo. Duru fupi humpa aliyeshindwa nafasi mpya haraka, na aliyechelewa kufika haulizi ni lini mtamaliza.

*Wanne waliokomaa.* Michezo ya turufu, ile ya wawili kwa wawili wanaokaa wakitazamana, ndiyo inayodumu barazani pwani yote. Ina undugu na Sueca ya Wareno, inayochezwa kwa karata 40 baada ya kuondoa 8, 9 na 10: A ina alama 11, 7 ina 10, K ina 4, J ina 3 na Q ina 2. Jumla ni 120, kwa hiyo upande unaopata 61 umeshinda. Ndiyo maana mzee wa baraza hutetemeka akiiona 7 ya turufu. Kanuni zake huchukua jioni moja kujifunza na miaka kuzoea, na hazikugharimu senti zaidi ya pakiti uliyo nayo. Kama kuna mzee kwenu anayeijua, mwombeni awafundishe wakati yupo.

Kwa mchezo wowote, andikeni kanuni kwenye kipande cha karatasi kabla ya kugawa. Ugomvi mwingi wa karata hauletwi na hila. Mtoto wa Dodoma na binamu yake wa Nairobi wamelelewa kwenye kanuni mbili tofauti, na kila mmoja ana hakika yake ndiyo ya kweli. Karatasi moja ubavuni mwa kasha huokoa jioni nzima.

Simu, na karata za mikono yako

Michezo ya karata ya simuni hutangazwa kuwa ya bure. Mingi hulipwa kwa matangazo unayotazama, kwa bando, na kwa vitu vinavyouzwa ndani yake. Ina faida moja ya kweli: umbali. Programu ya Matatu ya Kola Studios ya Kampala, kwa mfano, iliupeleka mchezo wa mtaani kwenye simu, na ndugu aliye Muscat au Minnesota hawezi kufika mkekani kwa njia nyingine. Kwa walio chini ya paa moja, siishauri. Watu wanne wenye simu nne wanahitaji vifaa vinne na chaji nne, na hakuna anayetazama uso wa mwenzake.

Kinyume chake, ipo njia inayokaribia kuwa ya bure. Karatasi moja ya manila ya ukubwa wa A1, yaani milimita 594 kwa 841, inatoa vipande 81 vya ukubwa wa karata ya kawaida, milimita 63 kwa 88. Kateni kwa rula, watoto wachore kwa penseli za rangi, kwa sababu kalamu yenye wino mwingi hupenya hadi mgongoni. Hapo mna michezo ya jozi na ya namba. Zipo pia familia ambazo kwa sababu ya imani hazipendi karata zenye wafalme na malkia nyumbani, na msimamo huo unastahili heshima. Karata za namba zilizochorwa na watoto hutatua jambo hilo bila kumnyima yeyote mchezo.

Fedha isiingie mkekani

Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi ya kuisimamia, na kwa Waislamu kamari ni haramu. Hata bila sheria wala fatwa, nasema bila kusita: msiweke dau. Hata karanga zikiwekwa na kila mtu ili mmoja azibebe zote, mtoto ameshajifunza hatua ya kwanza. Pia dau humfukuza asiye nacho. Shangazi ambaye biashara yake haikwenda vizuri mwezi huu atasema amechoka, na hamtajua kwa nini. Acheni aliyeshindwa agawe karata za duru inayofuata, au amimine chai. Heshima ya kushinda inatosha.

Uamuzi

Kwa wengi, nunueni pakiti mbili za kawaida zenye migongo sawa na namba kubwa. Ziwe za plastiki kama mnacheza kila wiki au nje, za karatasi nzuri kama mnacheza sikukuu tu.

Kwa nyumba ya watu wawili au watatu, pakiti moja inatosha. Tofauti ya bei iwekeni kwenye ubora.

Kwa nyumba yenye watoto wengi wa chini ya miaka saba, pakiti ya rangi ina nafasi yake. Chagueni yenye rangi zilizokolea, muiongezee alama za umbo, na isiwe ya kwanza kununuliwa.

Kwa bajeti ya sifuri, manila na jioni moja ya kukata na kuchora.

Kabla ya kwenda dukani, hesabu watu badala ya fedha. Andika majina ya wote watakaolala kwenu wiki hiyo, pamoja na mdogo kuliko wote na mkubwa kuliko wote, kisha nunua pakiti ambayo kila jina kwenye orodha hiyo litaweza kugawiwa.